Miaka ya Kwanza ya Uwakili

Uwakili wa kujitegemea Tanzania Bara huanza siku jina linapoingizwa katika Daftari la Mawakili linalotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu. Kabla ya siku hiyo mhitimu anaweza kuwa na shahada ya sheria, amemaliza mwaka wake katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo na amewasilisha maombi kwa Jaji Mkuu, lakini bado hana mamlaka ya kusaini hati ya madai kwa niaba ya mtu mwingine. Taasisi hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kabla yake, kijana aliyetaka uwakili alikaa chini ya wakili mzoefu kwa muda, kisha akahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Utaratibu mpya umeleta darasa na mtihani, tena mtihani mgumu: matokeo yaliyotangazwa Oktoba 2022, ambamo waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 kati ya wanafunzi 633, yaliifanya Serikali iunde kamati ya kuchunguza sababu. Hata hivyo, darasa halina uwezo wa kutoa kile kilichopatikana kwa kukaa karibu na mtu anayeijua kazi. Pengo hilo humfuata wakili mpya hadi ofisini, na ni juu yake kuliziba.

Wakili wa mwaka wa kwanza hana kesi alizoshinda, hana wateja wa kudumu, wala hajulikani kwa majaji. Mali yake ni saini. Thamani ya saini hiyo hupimwa katika mambo ambayo mitihani huyagusa juujuu: tarehe zinazotunzwa, viapo vinavyoshuhudiwa kwa haki, fedha za mteja zinazobaki kuwa za mteja, na maneno yanayosemwa kwa hakimu bila kupindwa. Umahiri wa hoja za sheria huja taratibu na huwajia wengi. Jina baya huja kwa haraka, na katika taaluma ambamo karibu kila mtu anamjua mwenzake haliondoki kwa urahisi.

Jina kuwemo kwenye Daftari peke yake hakutoshi. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inadai pia leseni ya uwakili iliyo hai, na leseni hiyo hukoma kila tarehe 31 Desemba. Kuihuisha kunaendana na kulipa ada za Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, na kuwa na alama za mafunzo endelevu ya mwaka. Wakili anayengoja wiki ya mwisho ya Januari kutafuta semina ya kumalizia alama anajitafutia taabu isiyo ya lazima. Asiye na leseni hai huhesabiwa kuwa mtu asiye na sifa, na hati aliyoiandaa inaweza kukataliwa mahakamani, hasara ikimwangukia mteja ambaye hakujua lolote. Siku hizi mwananchi yeyote anaweza kuthibitisha hali ya wakili kupitia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Wakili wa upande wa pili huangalia pia.

Kuhusu mahali pa kuanzia, wengi huvutwa na moja ya njia mbili: kuajiriwa katika kampuni ya uwakili Dar es Salaam, au kufungua ofisi mara moja kwa kuchangia pango na wenzake wawili watatu. Njia ya pili inaeleweka, hasa kwa aliyekosa ajira. Hatari yake ni kwamba vijana watatu wasio na mzoefu kati yao hufundishana makosa yaleyale, na hakuna wa kuyagundua hadi hakimu ayaseme mbele ya wateja. Anayelazimika kuanza hivyo atafute wakili mwandamizi mmoja aliye tayari kusoma rasimu zake mara kwa mara, na malipo ya wema huo yawe kazi: kumfanyia utafiti, kumpangia nyaraka, kwenda kutaja kesi zake.

Anayeajiriwa naye achague ofisi kwa kuuliza maswali yanayofaa. Ukubwa wa jengo na orodha ya wateja haviwezi kumwambia kama atafundishwa. Swali la msingi ni nani atakayesoma rasimu zake na kuzirudisha zikiwa na masahihisho. Swali linalofuata ni lini ataanza kusimama mahakamani mwenyewe, akihoji mashahidi, badala ya kutumwa kuomba ahirisho. Zipo ofisi ambamo kijana hukaa miaka minne akijaza fomu za usajili wa kampuni, akatoka hajawahi kumhoji shahidi hata mmoja wa upande wa pili. Jambo la tatu ni malipo. Desturi ya kumpa wakili mpya nauli tu na kumwambia avumilie kwa kuwa anajifunza imezoeleka mno, nayo ni dhuluma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuwaacha nje wafanyakazi wa ofisi za mawakili. Mkataba wa maandishi unaotaja mshahara, mgawanyo wa ada ya mteja aliyeletwa na kijana mwenyewe, na hatima ya faili zake siku akiondoka, huokoa urafiki wa pande zote mbili.

Mikoani kuna shule ambayo wahitimu wengi huidharau. Masjala za Mahakama Kuu zilizoko Sumbawanga, Songea, Kigoma, Bukoba au Musoma hazina foleni ya mawakili kama iliyopo Dar es Salaam, na kijana aliyeko huko hukutana na ardhi, mirathi, jinai na ajira ndani ya mwezi mmoja. Hupangiwa kesi mapema. Ada ni ndogo, lakini gharama za kuishi nazo ni ndogo, na mwaka wa pili huwa amekwisha kuendesha mashauri mengi kuliko mwenzake aliyebaki kwenye ghorofa la Posta akiandika maoni ya kisheria yanayosainiwa na mtu mwingine. Aliyelelewa mikoani miaka mitatu anaweza kuhamia mjini akiwa mtu wa kutegemewa. Safari ya kinyume ni nadra.

Kazi ya kwanza kuingiza fedha mkononi mwa wakili mpya aghalabu ni ya muhuri. Wakili akisha kusajiliwa kuwa notari na kamishna wa viapo, watu huja na hati za kiapo za kubadili majina, mikataba ya mauziano ya viwanja na magari, nakala za vyeti. Malipo ni ya papo hapo na kazi ni ya dakika chache, na hapo ndipo vijana wengi huharibikiwa. Kiapo ni tendo: mtu anakuja, anatambuliwa, anaapa, anasaini, kamishna anaona. Karani akileta karatasi ishirini zilizokwisha kusainiwa na watu ambao kamishna hajawaona, na yeye akazigonga muhuri zote, amesema uongo mara ishirini chini ya jina lake. Mojawapo ya karatasi hizo itafika mahakamani siku moja, mjane au ndugu akisema hakuwahi kusaini, na kamishna ataitwa shahidi.

Sheria ya Notari na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inadai sehemu ya mwisho ya kiapo ionyeshe mahali na tarehe kilipoapwa. Ni mstari mmoja tu, lakini maombi mengi yamewahi kuondolewa katika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani kwa sababu mstari huo ulikosa mahali, ulikosa tarehe, au haukuonyesha kamishna alimtambuaje mwapaji. Sheria hiyohiyo inamzuia kamishna kushuhudia kiapo katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmojawapo au ana maslahi nalo, kwa hiyo wakili hawezi kumwapisha mteja wake kwa ajili ya kesi anayoiendesha. Amtafute wakili wa ofisi nyingine. Katika mauziano ya nyumba, muhuri usigongwe kabla ya kuuliza habari za mume au mke. Sheria ya Ndoa na Sheria ya Ardhi zote mbili zinalinda nyumba ya familia, na ridhaa ya mwenzi iliyosahauliwa leo ni kesi ya kubatilisha mauzo kesho. Wakili makini huwa na daftari la muhuri lenye tarehe, jina la mwapaji, namba ya kitambulisho chake cha NIDA, aina ya hati na saini yake. Miaka minane baadaye, kumbukumbu itakapokuwa imefutika, daftari hilo ndilo litakalosema.

Kuazimisha muhuri ni jambo la kukataliwa bila mjadala. Watu wanaoitwa vishoka, wasio mawakili lakini wanaofanya kazi ya mawakili kwenye vibaraza vya karibu na mahakama na mabaraza ya ardhi, huwatafuta hasa vijana wenye shida ya pango. Humwahidi kijana kiasi fulani kwa wiki ili waandike hati kwa jina lake. Kinachouzwa hapo ni Daftari la Mawakili lenyewe, na anayeumia ni mkulima aliyeuza ng'ombe ili apate haki akaandikiwa hati isiyo na miguu wala kichwa.

Baada ya muhuri kuna tarehe, na hapa hakuna ushauri unaoweza kuzidi uzito. Mashauri mengi yanayopotea mikononi mwa mawakili wapya hayapotei kwa udhaifu wa ushahidi. Yanapotea kwa kuchelewa. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, 3 kwa madhara ya kiraia, na 12 kwa kurejesha ardhi. Muda huo ni mrefu, na urefu wake unadanganya, kwa sababu mteja huja ofisini mwishoni mwake, amekwisha kuzunguka kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa wazee wa ukoo na kwa mkuu wa wilaya. Swali la kwanza kwa mteja mpya liwe: jambo hili lilitokea tarehe gani? Majibu ya mdomo yasiaminiwe. Barua, risiti, hati ya kuachishwa kazi, vyote viombwe siku hiyohiyo.

Muda mwingine ni mfupi kiasi cha kutisha. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Uamuzi wa Tume unapopingwa, maombi ya marejeo hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya wiki 6. Mdaiwa aliyepokea hati ya madai katika shauri la kawaida la madai ana siku 21 za kuleta utetezi wake wa maandishi. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30, na kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Anayetaka kuishtaki Serikali hana budi kutoa notisi ya siku 90 kwanza, na tangu mabadiliko ya mwaka 2020 halmashauri za miji na wilaya nazo zimo katika utaratibu huo, pamoja na sharti la kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kesi ya kijiji dhidi ya halmashauri iliyofunguliwa bila notisi huondolewa hata kama kijiji kina haki yote.

Mahakama ya Rufani ina mtego wake, na wengi huingia humo wakidhani wamekwisha kukata rufaa. Kanuni za mwaka 2009 zinataka notisi ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 30 baada ya uamuzi, kisha rufaa yenyewe, pamoja na kumbukumbu zote, ndani ya siku 60 baada ya notisi. Nakala za mwenendo wa shauri mara nyingi huchelewa kuliko siku hizo. Sheria inamlinda mrufani kwa kumpa cheti cha kuchelewa kinachoondoa siku za kungojea nakala kwenye hesabu, lakini kwa masharti: awe ameziomba kwa maandishi ndani ya siku 30 za uamuzi, na nakala ya barua hiyo ya maombi awe ameipeleka kwa upande wa pili. Wakili akiandika barua kwa Msajili na akasahau kumpelekea mjibu rufaa nakala, cheti hakitamsaidia. Hukumu ikisomwa asubuhi na mteja akaonyesha nia ya kukata rufaa, notisi na barua hiyo vyafaa kuandikwa mchana huohuo.

Muda ukishapita hubaki kuomba nyongeza ya muda, na njia hiyo ni nyembamba. Katika shauri la Lyamuya Construction la mwaka 2010, Mahakama ya Rufani iliweka vigezo ambavyo vimerudiwa mara nyingi tangu wakati huo: mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi, aonyeshe bidii na si uzembe, na mahakama inaweza kuzingatia sababu nyingine nzito kama uwepo wa kosa la kisheria katika uamuzi unaolalamikiwa. Wakili kusahau si sababu. Kwa hiyo ofisi, hata yenye mtu mmoja, iwe na kumbukumbu mbili za tarehe: moja kwenye simu au kompyuta yenye kengele, nyingine kwenye kitabu kikubwa mezani kinachofunguliwa kila asubuhi kabla ya chai. Tarehe ya mwisho iandikwe wiki mbili kabla ya tarehe yake halisi. Mashauri sasa hufunguliwa kwa mtandao, na mtandao hukwama. Namba ya malipo inaweza kuchelewa kutoka, na faili kubwa linaweza kukataa kupanda saa nne usiku ya siku ya mwisho.

Mkutano wa kwanza na mteja ni wa kusikiliza. Watu hawaanzi hadithi pale sheria inapoanzia. Mwenye mgogoro wa shamba ataanza na babu yake, na mara nyingi ni kwa babu huyo ndipo shauri lilipo, kwa maana ya nani alilima, nani alizikwa pale, nani alipewa sehemu kwa masharti. Wakili anayemkatiza mteja baada ya dakika tano ili amwonyeshe kifungu atagundua ukweli uliofichika siku ya kuhojiwa kwa shahidi, mbele ya wote. Maelezo yaandikwe, yasomwe kwa mteja, naye asaini. Jina la upande wa pili liulizwe mapema ili kuona kama ofisi haijawahi kumwakilisha.

Katika migogoro ya ardhi, wakili aende shambani. Sheria ya Mwenendo wa Madai inataka eneo linalogombewa lielezwe katika hati ya madai kwa namna itakayowezesha kulitambua, na maelezo ya mteja kwamba shamba liko karibu na mto hayatoshi. Wapo waliopata hukumu nzuri, kisha dalali wa mahakama akafika na kukuta mipaka iliyoandikwa haifanani na chochote kilichopo. Safari moja ya bodaboda, picha chache na majina ya majirani wa pande nne vingeokoa miaka.

Mteja aambiwe ukweli kuhusu nafasi yake. Si wakati wote ukweli huo unafurahisha, na anayetafuta ada hushawishika kusema kesi ni nyepesi. Wakili haahidi ushindi. Aeleze kinachoweza kuthibitishwa, kinachokosekana, muda unaoweza kuchukuliwa na gharama zake, kisha aulize kama pande zimewahi kukaa na kuzungumza. Kijana aliyemaliza mgogoro wa ndugu wawili kwa makubaliano yaliyosajiliwa mahakamani amewatendea wema ambao hukumu isingeuleta, na ndugu hao watamletea wateja wengine.

Ada ikubaliwe kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inatoa viwango vya kufuata, nayo ndiyo itakayotazamwa gharama za shauri zitakapopigiwa hesabu. Barua ya makubaliano itaje kazi iliyomo na isiyokuwemo: je, ada inahusu rufaa? Inahusu kukazia hukumu? Ugomvi mwingi kati ya wakili na mteja huanzia hapo, mteja akiamini amelipia hadi fedha zimfikie mkononi, wakili akiamini amelipwa hadi hukumu. Kila shilingi itolewe risiti ya mashine ya EFD.

Fedha za mteja ni suala la peke yake. Bei ya nyumba inayopitia kwa wakili, fidia iliyolipwa na bima, deni lililokusanywa kwa mdaiwa, hizo zote si mapato ya ofisi hata kwa saa moja. Zikae kwenye akaunti ya wateja iliyotengwa, na zitoke kwa maandishi. Hatari kubwa kwa kijana haianzii kwenye nia ya kuiba. Huanzia kwenye mwezi mgumu, kodi ya pango imefika, na kuna milioni kumi za mteja zimekaa tu. Anakopa mbili akitegemea ada itakayoingia Ijumaa. Ada haiingii. Mteja anakuja Jumatatu. Malalamiko ya aina hii ni miongoni mwa yanayowafanya mawakili wafutwe kwenye Daftari, na hakuna maelezo ya dhiki yanayoyapunguza. Ofisi ambayo haiwezi kulipa pango bila kugusa akaunti ya wateja ifungwe, mwenyewe atafute ajira.

Mahakamani, heshima ya wakili mpya huanzia masjala. Makarani ndio wanaojua faili liko wapi, limepangwa kwa nani, limeahirishwa lini. Kijana anayewaamkia, anayejua majina yao na asiyewapa chochote cha mlango wa nyuma atasaidiwa kwa haki miaka yote. Ndani ya chumba cha mahakama afike mapema, asome faili usiku uliotangulia, na akiulizwa jambo asilolijua aseme hajui na aombe muda. Akimwakilisha mwenzake kwa maelekezo, aulize kwanza maelekezo hayo yanaishia wapi; ni aibu kusimama na kuambiwa na jaji kwamba leo ni siku ya kusikilizwa, si ya kutajwa.

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama na ya sheria, huku Kiingereza kikiruhusiwa katika mazingira yaliyoainishwa. Wahitimu waliosoma sheria yote kwa Kiingereza hujikuta wakitafuta maneno mbele ya hakimu. Dawa ni kusoma hukumu zilizoandikwa kwa Kiswahili na kujizoeza kuandika hoja kwa lugha hiyo tangu mwanzo. Mwaka huohuo sheria iliruhusu mawakili kuingia Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na mahakimu wakazi, na huko Kiswahili kizuri, chepesi na kinachogusa jambo humsaidia mteja kuliko maneno mazito.

Utafiti umekuwa rahisi kwa namna ambayo vizazi vilivyopita havikuijua. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Kwa sababu hiyo hakuna udhuru wa kutaja uamuzi ambao wakili hajausoma hadi mwisho, wala wa kunakili marejeo kutoka programu ya akili unde bila kuhakiki kama shauri hilo lipo. Iangaliwe pia kama msimamo haujabadilishwa na uamuzi wa baadaye. Sheria zilizofanyiwa urekebu, toleo la mwaka 2023, zilianza kutumika Julai 2025, na namba za vifungu vingi zimesogea. Hati iliyonakiliwa kutoka faili la zamani itabeba namba zisizokuwepo tena.

Pingamizi la awali ni silaha ambayo wakili mpya huipenda kupita kiasi. Uamuzi wa Mukisa Biscuit wa mwaka 1969, uliotolewa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki na unaofuatwa hadi leo, ulisema pingamizi hilo liwe hoja ya sheria tupu, isiyohitaji ushahidi kuithibitisha. Ukomo wa muda ulio wazi kwenye hati ya madai unafaa. Madai kwamba mdai si mmiliki wa kiwanja hayafai, kwa kuwa hilo ndilo shauri lenyewe. Kuanzia mwaka 2018 sheria pia imezitaka mahakama zitazame lengo la kutenda haki bila kufungwa mno na ufundi, ingawa Mahakama ya Rufani imesema mara kwa mara kwamba lengo hilo haliponyi kasoro zinazogusa mamlaka ya mahakama au masharti ya lazima.

Kesi za mauaji zinazopangwa na Mahakama Kuu kwa gharama za Serikali zina sifa ya kukimbiwa kwa sababu malipo yake ni madogo. Wakili mpya azipokee, na azipokee kwa unyenyekevu. Adhabu ya mauaji ya kukusudia ni kifo, na mtu aliyeko kizimbani amekaa mahabusu miaka bila kumwona wakili hadi siku anapopangiwa huyu. Aende gerezani kabla ya kikao, amsikilize peke yake, asome maelezo ya onyo, ripoti ya daktari na ramani ya eneo la tukio neno kwa neno. Hakuna chuo kinachofundisha kumhoji shahidi wa utambuzi kama kikao kimoja cha Mahakama Kuu kilichoandaliwa vizuri. Anayemchukulia mshtakiwa huyo kama mteja wa bure wa kukamilishia ratiba amemwacha binadamu peke yake mahali ambapo sheria ilimtuma amsindikize.

Mipaka ya mwenendo imewekwa katika Kanuni za Maadili na Mwenendo wa Mawakili za mwaka 2018, na zafaa kusomwa kila mwaka leseni inapohuishwa. Zinagusa usiri wa mteja, mgongano wa maslahi, kujitangaza, na wajibu kwa mahakama. Jambo la kujitangaza huwaponza vijana wa zama za mitandao ya kijamii: kuelimisha umma kuhusu mirathi ni kazi njema, kuchapisha picha ya mteja na hukumu yake ili kuvuta wateja ni kosa. Kuhusu mahakama, wakili asimfiche hakimu uamuzi unaompinga na asimlete shahidi ambaye wakili mwenyewe anajua atasema uongo. Akiletewa malalamiko mbele ya kamati ya nidhamu, ajibu kwa wakati na kwa nyaraka. Wengi huadhibiwa kwa kunyamazia jambo ambalo barua tatu za kumbukumbu zingelimaliza.

Siku ya kutoka kwenye ofisi ya mwajiri na kufungua ya kwake huja, kwa walio wengi, kati ya mwaka wa tatu na wa sita. Asiondoke kabla hajawahi kuendesha shauri kuanzia hati ya madai hadi kukazia hukumu, na asiondoke bila akiba ya kulipa pango na kula kwa miezi sita pasipo mteja mpya. Jina la kampuni lisajiliwe BRELA, namba ya mlipakodi ichukuliwe, na suala la Kodi ya Ongezeko la Thamani liulizwe mapema kwa TRA, kwani watoa huduma za kitaaluma hawasubiri kufikia kiwango cha mauzo ili wajisajili. Ofisi mpya huwa pia mtoa taarifa chini ya Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu. Mnunuzi anayekuja na fedha taslimu nyingi asiyetaka kueleza zilikotoka ni wa kuulizwa na, inapobidi, wa kuripotiwa. Faili za wateja hazibebwi usiku. Mteja ndiye anayeamua nani aendelee naye, kwa barua, na hadi barua hiyo ifike faili hubaki pale lilipo, likiwa na maelezo ya hatua iliyofikiwa na tarehe inayofuata ili atakayelipokea asichelewe.